Weye Siye Wanayemngoja

Muhammadi, mwana wa Abdallah wangu,

Leo sianzi na salamu ndefu, kwa sababu sina haraka ya kukufurahisha. Ninaandika nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Alasiri imeshaswaliwa, weye uko msikitini pamoja na wageni wako, na kuku wa jirani yetu Mama Ngoie wananizunguka kana kwamba nimeficha mahindi. Kesho asubuhi kamioni ya hao wageni itakuja kukuchukua, wanasema ikupeleke chuoni Kalemie. Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kuchemsha maji, wala za vifungo vya shati. Kama katika miaka kumi na minane hujayajua hayo, basi nimelea mbuzi.

Ninalo jambo moja tu, na nitalizunguka kabla ya kulifikia kwa sababu linaniuma. Sidhani kama wale watu wanakupeleka kusoma.

Utauliza, nkambo, bibi yangu, kwa nini hukuniambia kwa mdomo? Kwa sababu nikisema unatazama chini na kunijibu "ndiyo, nkambo" kwa ile sauti mpya uliyoianza mwezi huu, sauti ya polepole, ya mtu aliyebeba sahani ya mchuzi kichwani. Sauti hiyo siipendi. Na tena kwa sababu humu mna neno ambalo kinywa changu kimelikataa tangu nilipoolewa. Herufi hizi nilifundishwa foyer, kule ambako kampani ya madini hapa Likasi ilikuwa inatukusanya wake za wafanyakazi tushone na tusome, na zimepinda kama pindo la kwanza la nguo. Soma taratibu. Kiswahili chenyewe lakini ni cha Kasongo, si hiki chenu cha kambini, kwa hiyo usinicheke.

Shehe Idrisa, huyo mkubwa wa wageni wako, alipofika mara ya kwanza nilimpenda, sitakuficha. Alivua viatu mbali na mlango, akaniita mama, akausifu uwanja wangu kwamba umefagiwa. Akakuambia usome Kurani, ukasoma bila kukwama. Kisha akakuuliza jina. Muhammadi. La baba? Abdallah. Wale wawili aliokuja nao wakatazamana, na yule mwenye ndevu nyeupe akainuka, akauchukua mkono wako, akaubusu.

Mzee wa umri wangu. Na weye hukuuvuta mkono.

Mama Ngoie alikuwa upande wa pili wa ua anatwanga sombe, majani ya muhogo. Wageni walipotoka, akaweka mtwangio chini.

"Mama Abdallah, ule muzee iko na njaa? Anakula mukono ya mutoto!"

"Ni heshima, weye. Mambo yetu huyajui."

"Heshima ya mukubwa kwa mutoto? Kwetu hata padri habusu mukono ya mwenye kumushikia mishumaa."

"Twanga sombe yako."

"Ninatwanga. Lakini minye ninakuambia, muntu akianza kubusu mutoto wako, uliza anataka kumupeleka wapi."

Nilimfukuza kwa mkono kama inzi. Lakini ndani yangu, mjukuu wangu, nilisikia utamu. Nilijiambia, kumbe na wengine wameona.

Kesho yake Shehe alirudi peke yake, weye ukiwa umekwenda machimboni Kakontwe kutafuta kibarua. Akaniuliza ulizaliwa siku gani. Nikasema Ijumaa, na hiyo ni kweli. Akauliza kama paji lako lilikuwa pana hivyo tangu utotoni. Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Na ukoo wenu, mama, nyinyi ni watu gani?"

Nikanyoosha mgongo. Nikamwambia sisi ni masharifu, kizazi cha Mtume, babu ya baba yako alitoka Arabuni akaingia Kasongo na msahafu mkononi. Shehe akatoa daftari akaandika. Macho yake yalijaa maji. Nilimwona mtu mzima akilia kwa furaha juu ya uwongo wangu, na sikumzuia. Nilimwongezea chai.

Nilidhani chuo kinataka kujua ukoo, kama vile shule zinavyotaka kujua kabila na parokia. Lakini Ijumaa iliyopita nilikuwa ninaanika nguo chini ya dirisha la sebule, weye umekwenda kuteka maji, nao wako ndani hawakujua kwamba niko pale. Nikamsikia Shehe anasema, "Jina ni lile. Jina la baba ni lile. Damu nayo ipo, bibi yake amethibitisha. Tumfikishe Kalemie, watu wamuone kwanza. Kusoma kutafuata."

Mwingine akauliza, "Na mwenyewe anajua?"

"Anajua tangu mtoto," Shehe akasema. "Walimlea hivyo."

Shuka lilinianguka kwenye vumbi. Tangu siku ile sina macho mengine ila ya kuwachunguza. Hawajakuuliza hata mara moja umefika kitabu gani. Mwalimu wa hicho chuo hawajamtaja jina, na kila nikiuliza kiko mtaa gani huko Kalemie wanasema "utafurahi, mama". Wamekushonea kanzu ya kijani kwa kipimo chako. Chuo gani kinamshonea mwanafunzi kanzu kabla ya kumpa ubao? Juzi ulimcheka mbuzi aliyeingia kanisani kwa wapentekoste, yule mwenye ndevu akakugusa bega, nawe ukakata kicheko kama mtu anayezima taa. Miye niliona. Mtoto anayekatazwa kumcheka mbuzi anaandaliwa kitu.

Simwiti Shehe mwizi. Huenda anaamini kila neno, na hilo ndilo linalonitisha. Mwizi ningemfukuza na mwiko. Mtu anayeamini ataniambia kwamba imani hiyo aliipata kwangu, na atakuwa amesema kweli.

Basi sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Mwaka uliozaliwa, kampani ilikuwa bado na nguvu zake. Posho ya unga ilikuja kila mwezi, taa za barabarani ziliwaka, na sisi tulikuwa na nafasi ya kuwaza makubwa kwa sababu tulikuwa tumeshiba. Kwenye Maulidi alipita mhubiri mmoja msafiri, akatukalisha wanawake akatueleza habari za Mahdi: kwamba dunia ikijaa dhuluma atasimama mtu wa nyumba ya Mtume aijaze haki, jina lake jina la Mtume, na jina la baba yake jina la baba wa Mtume. Wenzangu waliitikia amini wakaendelea kula pilau. Miye nililitazama tumbo la mama yako. Mume wake ni nani? Abdallah wangu. Mkono wangu ulibaki kwenye sahani.

Ulipozaliwa mvulana, babu yako Juma alitaka jina la baba yake. Ndiyo desturi yetu, mvulana wa kwanza anamrudisha mzee aliyekwenda. Nikakataa. Nikasema Muhammadi. Tuligombana siku tano, na akika yako, karamu ya kukupa jina, ilikuwa siku ya saba. Babu yako hakuwa mtu wa maneno, alitumia umri wake kwenye moshi wa asidi pale kiwandani, lakini siku ile alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi akasema, "Weye mwanamuke, unamupa mutoto kazi mbele ya kumupa maziwa."

"Na weye unajua nini? Jua asidi yako."

Akasema atakubali kama nitakwenda kwanza kumuuliza Mwalimu Ramazani.

Mwalimu Ramazani unamkumbuka akiwa mzee aliyedhoofika tu, alikufa ukiwa na miaka kumi na mitano. Ndiye aliyekuwa anatufundisha msikitini. Mchana alipasua mawe ya chokaa Kakontwe kama wenzake. Lakini alikuwa amesoma miaka mingi huko mashariki, na vitabu vyake alivifungia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Nilimkuta ametoka kazini, nyusi nyeupe kwa vumbi la chokaa, anakula muhogo juu ya gunia.

"Mwalimu, Mahdi atakuja ao hatakuja?"

"Umetembea mwendo wote huu kuniuliza hilo? Kaa."

Nikakaa kwenye gunia lingine. Akatafuna kwanza, akameza, akasema, "Wanachuoni hawako pamoja. Wengi wao wanasema atakuja. Habari zake zimepokewa kwa njia nyingi, na hata kama hii ina ufa na ile ina ufa, wanasema zikikusanywa zinabebana. Atatoka kwa Fatuma binti Mtume, na ataijaza dunia haki."

"Basi. Imekwisha."

"Haijaisha. Wako wengine, wachache lakini si wajinga, walioshika habari moja moja wakamuuliza kila mpokezi: weye nani, na ulisikia kwa nani? Wakamkuta mmoja ana kumbukumbu mbovu, mwingine ana kundi lake analolipigania. Wakasema vile vitabu viwili vya hadithi tunavyovitegemea kuliko vyote havimtaji wazi kwa jina hilo. Wakasema kila mfalme na kila muasi amemhitaji Mahdi wake, kwa hiyo wa kuongeza maneno hawakukosekana."

"Hao hawana imani."

"Mama Abdallah, usimtoe mtu kwenye dini ukiwa umekaa juu ya gunia langu."

Akacheka, na miye nikakasirika. Akaendelea kwamba wako waliosema hakuna Mahdi ila Isa bin Maryamu mwenyewe atakaporudi, ingawa habari hiyo wengi wanaiona dhaifu, wanasema hao ni wawili. Na Mashia wanasema alishazaliwa zamani, Imamu wa kumi na mbili, Mungu akamficha, na atatokea huyo huyo na si mwingine. "Kwa hiyo ukiwasikiliza hao," akasema, "hata kumngoja azaliwe huwezi."

Hapo nikauliza kilichonipeleka. "Na jina la baba?"

Akaacha kutafuna. "Nani kakutuma uulize jina la baba?"

"Hakuna. Ninauliza tu."

"Kwenye mapokezi mengine lipo, kwenye mengine halipo. Wako wanaoshuku kwamba liliongezwa. Mashia hawalikubali kabisa, kwao baba yake ana jina lingine."

"Hata jina hawajapatana?"

"Hata jina."

"Sasa watu wamesoma mpaka wamekuwa vipofu, na hawawezi kupatana kama muntu mumoja anakuja ao hakuji? Na akija tutamjuaje?"

"Hakuna aliyekupa kazi ya kumjua," Mwalimu akasema. "Hata wale wanaosema atakuja, sijaona mahali waliposema bibi yake atamchagua kwenye utandiko wa uzazi." Alikuwa ameshajua, mzee yule. "Mpe mtoto jina la Mtume, ni baraka, wako maelfu. Lakini hayo mengine yaache huku kwenye gunia. Ukimbebesha, utakuwa umemwonea."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Na njiani nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri wake. Katika maneno yote ya Mwalimu nilichukua lile la kwanza tu, nikayatupa mengine porini. Nikamwambia babu yako, "Mwalimu amesema wanachuoni wengi wanakubali atakuja." Si uwongo, hayo aliyasema. Babu yako akavua kofia, akasema haya.

Hivyo ndivyo ulivyopata jina. Na jina peke yake lisingekuua. Ni yale niliyoongeza. Wenzako wakicheza mpira kwenye vumbi la barabara, nilikuita ndani. Wenzako wakipigana, nilikukataza hata kurudisha ngumi. Baba yako akafa kwa homa ukiwa na miaka minne, mama yako akaolewa tena Kolwezi akakuacha kwangu, na hapo hapakuwa tena na mtu wa kunizuia. Nilikuonyesha kwa wanawake wa msikiti: tazameni paji, tazameni pua. Sikusema neno lenyewe. Nilisema, "Mungu anajua," nikafumba macho nusu. Nilikuwa hodari wa kufumba macho nusu.

Halafu mambo yakaanguka. Posho ikakoma, viwanda vikanyamaza kimoja kimoja, watu wakapora maduka mpaka milango. Kwenye kila ghala tupu akaingia mchungaji na ngoma zake, na redio ikawa na mwokozi mpya kila wiki. Wanawake wetu nao wakaanza kuja hapa na chupa za maji ili weye uyasomee. Ulikuwa na miaka kumi na nne, kumi na tano. Ulisoma, walishukuru, nami nilikaa kwenye kiti changu kama mke wa gavana. Ule mwaka majirani zetu wa Kasai walipofukuzwa, wakalala gare na mabunda yao juma baada ya juma wakingoja treni, sisi tulikaa hapa sebuleni tukiulizana kama hizi sasa ndizo zile alama, kama wakati wake umefika. Tulikuwa tunamwomba Mungu alete wa kuijaza dunia haki, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyepeleka sufuria ya bukari, ugali wetu, gare. Mama Ngoie alipeleka. Miye hapana.

Sasa ninafika kwa Zawadi.

Najua hujamtaja tangu siku ile. Nami sijamtaja. Mama yake alikuja naye mgongoni siku ya Jumatano, mtoto wa mwaka mmoja, anaharisha, macho yameingia ndani. Ulisoma kwenye maji, akanyweshwa kwa kijiko. Mama yake akaniuliza, "Mama Abdallah, nimupeleke kwa masista? Banasema bangali na dawa kidogo." Na miye, kwenye kile kiti changu, nikamwambia angoje mpaka Ijumaa, siku yako, usome tena baada ya swala. Sikutaka aende kwa masista. Nilitaka nafuu ionekane imetoka kwako.

Alhamisi jioni mtoto akafa.

Mwalimu Ramazani alikuja mazikoni, ameshadhoofika, anatembelea fimbo. Alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja tu. "Ulimwambia angoje mpaka lini?" Nikasema Ijumaa. Akatikisa kichwa mara moja, akaenda zake. Mwezi uliofuata naye tukamzika, na hakuwa amenisemesha tena.

Weye uliacha kula siku tatu. Nilikuambia, "Ni mapenzi ya Mungu." Mungu nilimfanya ngao yangu. Nilipaswa kukuambia: hukumuua weye, na maji yako hayakumuua. Niliyemchelewesha ni miye, kwa kiburi, na dawa ilikuwa mwendo wa nusu saa. Ninakuambia sasa, nimechelewa miaka mitatu. Soma sentensi hiyo mara mbili.

Kwa sababu nadhani najua kwa nini unataka kupanda ile kamioni. Wengine wangesema ni utamu wa kubusiwa mkono. Umo kidogo, usinibishie, nimekuona ukijitazama kwenye kioo cha dirisha. Lakini chini ya utamu huo nashuku kuna kile kitoto. Unafikiri ulimsomea na hakupona kwa sababu wakati wako ulikuwa bado. Unafikiri ukigeuka kweli kuwa yule wanayemngoja, basi Zawadi naye atakuwa na maana. Hapana, mwanangu. Alikufa kwa kuharisha, na nkambo wako ndiye aliyesema ngoja. Huko Kalemie watakaa mbele yako wengine na watoto mgongoni. Utawaambia nini? Wangoje mpaka lini?

Sasa lile neno ambalo kinywa changu kimelikataa.

Sisi si masharifu. Baba wa babu yako Juma, yule ambaye ungerithi jina lake, hakutoka Arabuni. Aliitwa Feruzi. Kule Kasongo kila mzee anajua watu waliopewa jina la Feruzi walikuwa nani. Lilikuwa jina la mtumwa, analopewa na bwana wake. Alikamatwa mtoto mdogo kando ya Lualaba, akabebeshwa pembe za ndovu, akatahiriwa, akafundishwa kuswali. Jina alilopewa na mama yake alisema amelisahau. Nilipoolewa alikuwa bado hai. Asubuhi moja nilimwona anapasua kuni bila shati, na kwenye bega lake la kulia palikuwa na nyama ngumu, imevimba, ngozi imekuwa nene kama ya goti la ngamia. Miaka hamsini ilikuwa imepita tangu aweke chini mzigo wa mwisho na bega lilikuwa halijarudi mahali pake. Aliniona ninatazama. Akasema, "Binti, leta maji," akavaa shati.

Alikuwa mtu mpole. Alikuwa anaamka kabla ya mwadhini, na alimfundisha babu yako kusoma kwa kuandika mchangani. Nami niliona haya. Nilikuwa binti wa fundi cherehani na nilijiona nimeolewa chini. Alipokufa, nilianza kusema kwa watu wapya waliokuja Likasi wasiotujua kwamba baba mkwe wangu alikuwa sharifu. Babu yako alinisikia mara ya kwanza, akanitazama, akatoka nje. Hakunikatalia mbele ya watu, na mpaka anaingia kaburini hakuniuliza. Miye nilidhani amekubali. Sasa nadhani nilimuumiza kila mara, miaka thelathini, mezani kwake.

Kwa hiyo hesabu ya Shehe imebomoka. Nami sikuambii Mahdi hayupo. Miye ni nani? Wenye vitabu wamebishana mamia ya miaka na Mwalimu Ramazani mwenyewe hakuniambia anaelekea upande gani. Kama yupo, Mungu atamleta bila kanzu iliyokatwa kwa kipimo na bila uwongo wa mwanamke mzee wa Likasi. Lakini hakuna mwanachuoni hata mmoja, wa upande wowote kati ya zile alizonitajia, ambaye hesabu yake inafika kwenye nyumba hii. Wale wanaomngoja wanataka damu ya Fatuma, weye ni damu ya Feruzi. Wale wanaomshuku wangekucheka. Mashia wangekuuliza umefichwa wapi, wakati kila siku unateka maji bombani.

Usiniamini kwa sababu ni miye niliyesema. Umeshaona niaminikavyo. Huenda hata sasa kuna kiburi ndani yake, kwamba sitaki kubaki peke yangu na nimejitafutia sababu. Nimejichunguza tangu adhuhuri na kidogo nimekikuta. Ndiyo maana sikukatazi kwenda. Ukiwa mwanafunzi kama wanafunzi wengine, nenda Kalemie, nenda hata mbele zaidi. Mji huu umekufa, na sitaki uingie kwenye mashimo kufukua mawe pamoja na wenzako. Uwe mtu wa vitabu, ubishane na hao wanachuoni mpaka nyusi ziwe nyeupe.

Lakini kabla ya kamioni kuwasha mota, nitatoka uwanjani. Nitasimama mbele ya Shehe Idrisa na wale wawili, na mbele ya Mama Ngoie ambaye najua atakuwa ameegemea ua, na nitasema kwa sauti habari za Feruzi na pembe za ndovu, na kwamba nilidanganya, na habari za Zawadi pia. Sijawahi kujiaibisha mbele ya watu katika maisha yangu yote, kwa hiyo huenda nikasema vibaya. Usinisaidie. Wakisema, "Mama, hakuna neno, sisi tunataka mwanafunzi," beba mfuko wako, upande kamioni, na nitakuombea dua mpaka vumbi litulie. Wakitazamana, wakakumbuka kwamba nafasi kwenye kamioni ni ndogo, basi umejua, na bukari ya mchana ipo.

Au wataniambia nimechanganyikiwa kwa uzee, na wataendelea kukuita kwa ile heshima, na kanzu wataishika mkononi. Hilo naliogopa kuliko yote. Hapo miye sitaweza kitu, mguu ni wako.

Nikiwa ninasema, usinitazame miye. Watazame wao.

Nkambo wako,
Mwamini, mama wa Abdallah